Wimbo wa Kupanga Viti

Tarehe 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao. Simu nimekupigia mpaka yule mwanamke wa kwenye mtambo, anayesema hupatikani, tumeanza kuzoeana. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nina habari njema. Sisi watatu, Mjomba kwenye besi, Dereva kwenye ngoma na mimi kwenye piano, tunarekodi albamu. Ni nyimbo za Bibi yetu, zile alizokuwa akiimba huku anashona. Tumezigeuza jazi, hakuna mwimbaji wala maneno, ni vyombo vitatu tu vinaongea. Itaitwa Cherehani ya Bibi. Mwenye studio alisikiliza majaribio, akavua miwani akaifuta. Mjomba anasema ilikuwa na vumbi, lakini Mjomba unamjua.

Nyimbo zote zimetimia isipokuwa mmoja. Ni ule aliokuwa akikuimbia wewe peke yako, ukimtungia uzi kwenye sindano, mlango umefungwa ili mimi nisiingie kukanyaga vitambaa. Wewe ndiye mkubwa, na duniani hakuna mwingine anayeujua. Niandikie kwa do-re-mi kama zamani.

Yale ya kati yetu tuyaache yalale. Mimi sikuwahi kukuwekea kinyongo.

Mdogo wako


Tarehe 12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Umesema hukuwahi kuniwekea kinyongo, nami nimefarijika sana. Nilikuwa na wasiwasi.

Wimbo ule naukumbuka neno kwa neno, ila maneno hukuomba, kwa hiyo sikuletei. Nakuletea sauti tu. Nimeziandika kwa do-re-mi kwenye karatasi ya pili, kwa wino mweusi, maana najua macho yako. Nina masharti mawili, yote madogo.

La kwanza, uupige polepole, kama mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Dereva atakuelekeza, kuendesha gari la maiti ndiyo kazi yake. Ukiuharakisha utaharibika.

La pili, kwenye jalada ueleze kwa maneno yako mwenyewe jinsi wimbo ulivyokufikia. Mimi usinitaje. Mwenye kipaji cha kusimulia ni wewe.

Dada yako


Tarehe 12 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii ukishaisoma ikunje vizuri uiweke chini ya mguu wa besi yako, ule unaoyumba. Itafaa zaidi pale.

Nimempa mdogo wangu wimbo. Bibi hakuwahi kuuimba. Niliutunga mimi, hapa shuleni ninapofundisha watoto muziki. Ukumbi wetu jioni huchukuliwa na watu wa mazoezi ya viungo, na mkufunzi wao ni mkali kuliko ukumbi wenyewe, kwa hiyo kipindi kikiisha lazima viti vyote viwe vimepangwa ukutani. Watoto walikuwa wanavirusha. Nikawatungia wimbo wa kupangia viti:

Simama, mwenzangu, kiti si chako,
kipange na vingine, siku imekwisha.

Mwisho wa kila mstari nimeacha pengo. Hapo ndipo kiti kinatua juu ya kingine, wote kwa pamoja. Wanauimba mbio mbio, na ukumbi unakuwa mtupu kabla mkali wa viungo hajavua viatu.

Sasa yeye atauweka kwenye albamu na kuandika kwamba aliupata kwa Bibi. Sitamwambia adanganye. Nimemwachia nafasi tupu tu, kama ile nafasi niliyomwachia mwaka ule. Unakumbuka. Nilikwenda kujifungua, nikamwomba anishikie kiti cha piano mpaka nirudi. Nikarudi na mtoto mgongoni, nikakuta koti lake limetundikwa kwenye msumari wangu, mabango yamechapwa upya na picha yake amejishika kidevu kama anafikiri. Dereva alisema pole. Wewe ulikuwa unakagua nyuzi za besi kama mtu anayetafuta chawa.

Siku ya uzinduzi nitakuja na watoto. Akiupiga wimbo wake mtakatifu, watasimama na kuuimba, kwa maneno yake na mwendo wake. Watu wote wajue Bibi gani aliyemwimbia. Halafu tuone atakaa vipi kwenye kile kiti.

Mwanao,
Mwalimu wa watoto


Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako sijaipata. Nimeirudia mara mbili kuhakikisha kwamba sijaipata. Besi haiyumbi tena.

Tumerekodi. Wimbo wako, samahani, wimbo wa Bibi, aliutaka uwe wa mwisho. Aliomba taa zipunguzwe. Dereva alipiga kwa brashi badala ya vijiti, taratibu kabisa, akanong'ona kwamba kwa mwendo huu abiria wake wa mchana wangeshuka wakatembea wenyewe. Kwenye yale mapengo mdogo wako anainua mikono juu na kuiacha ikining'inia, macho ameyafumba. Dereva akaniuliza pembeni mbona anahisi kama pale kuna kitu kinatakiwa kudondoka. Nikamwambia apige tu.

Nikwambie ukweli, ni wimbo mzuri. Nilipofika sehemu yangu ya kupiga peke yangu, nilikaribia kulia, na mimi ndiye niliyekuwa najua ni viti.

Nakuomba kitu kimoja. Ukimwaga maji machafu, kumbuka kwamba jukwaani tunakuwa watatu. Mimi ni mtu mzima na suti ninayo moja.

Halafu kuna jambo jingine silielewi. Siku hizi anatembelewa studio na kijana mmoja mpiga besi ya umeme, anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Wakiniona wanaongelea hali ya hewa.

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ndani ya bahasha utakuta jalada, la kwanza kabisa kutoka kiwandani. Soma nyuma, wimbo wa mwisho. Nimetimiza masharti yako yote mawili.

"Kimya cha Bibi. Kama zote katika albamu hii, ni wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Nilikuwa mtoto, nimelaza kichwa mapajani pa Bibi, cherehani imesimama, dirisha li wazi. Aliniimbia mara moja tu. Akaniambia: huu utunze wewe."

Uzinduzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, kwenye ukumbi wa maktaba. Nimefurahi kusikia kwamba unataka kuwaleta wanafunzi wako. Nimewatengea mabenchi ya pembeni. Mgeni rasmi anapenda watoto.

Mdogo wako


Tarehe 27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimelisoma jalada. Mapajani pa Bibi, eti. Bibi alikuwa na pini mdomoni na pini kifuani na pini mapajani, mtoto angelaza kichwa pale angetoka kama nungunungu. Na dirisha halikufunguliwa hata siku moja, kwa sababu ya upepo na vitambaa.

Watoto wako tayari. Wewe piga sehemu yako kwa raha zako. Piano ikirudi baada yako, mimi nitakuwa mlangoni na nitainua mkono. Suti yako usiwe na wasiwasi nayo. Nitamwambia kila mtu kwamba wewe hukujua kitu, na wataamini, maana uso wako umekaa hivyo.

Tangu nilipotoka kwenye bendi sijasubiri Jumamosi kama ninavyoisubiri hii.

Mwanao,
Mwalimu


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Ulivyoondoka sikukuona. Nilipotoka nje basi la watoto lilikuwa limeshapinda kona. Kwa hiyo nakuandikia kilichoonekana kutoka jukwaani, maana ulikokuwa umesimama ulikuwa unaona migongo tu.

Tulianza vizuri. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki mpaka kwenye kabati za vitabu. Wimbo wa mwisho ukafika, akaeleza habari ya mapaja ya Bibi, mama mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia kabla hatujapiga hata sauti moja. Nikapiga sehemu yangu. Piano ikarudi. Nikakuona umeinua mkono, watoto wakasimama, na mimi nikafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Mwanangu, umewafundisha vizuri mno. Hilo ndilo kosa. Nilitegemea waimbe mbio kama ulivyosema, kila mtu acheke. Lakini watoto wako wamefundishwa wasikilize piano. Piano ilikuwa inakwenda polepole, nao wakaifuata. Simama, mwenzangu, kiti si chako. Kwa mwendo ule, kwa sauti zile nyembamba, hata mimi nilifikiria kaburi langu. Siku imekwisha. Mgeni rasmi alijipangusa macho kwa ratiba ya shughuli.

Kisha likaja lile pengo. Kasichana kako kenye miwani kakaenda mstari wa mbele, kakamgusa mgeni rasmi begani, kakasimama pembeni yake kwa adabu kabisa, kakimsubiri. Mzee wa watu akasimama. Kakabeba kiti chake. Wenzake wakasambaa ukumbi mzima, kila mmoja anamgusa mtu, anangoja, anabeba. Viti vikawa vinatua kwenye pengo, paa, wote pamoja, hawakukosea hata mara moja. Dereva anasema tangu azaliwe hajapata wasaidizi kama wale.

Mdogo wako akamaliza, akafumbua macho, akakuta ukumbi wote umesimama. Akaweka mkono kifuani. Kisha akachukua kipaza sauti akasema, "Mmesikia wenyewe. Hata watoto wadogo, mji mwingine kabisa, wanaujua. Huo ndio urithi." Watu wakapiga makofi mpaka mikono ikauma. Wangekaa wapi?

Gazetini wameandika. Mwandishi anasema kiti katika wimbo huu wa kale ni maisha, ambayo kila binadamu ameazimwa tu. Nimekukatia kipande hicho, ila sikukitia humu. Nimeona kwanza upumzike.

Mjomba wako


Tarehe 9 Juni

Dada,

Albamu inapigwa redioni kutwa. Wimbo wa mwisho ndio wanaouomba. Kuna kwaya mbili zimeniandikia kutaka maneno, nami nimewapa, nilishayasikia.

Nilijua. Nilijua siku ile ile karatasi yako ilipofika, kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Ulisahau kwamba mtoto anayefungiwa mlango hukaa nje ya huo mlango. Nilikuwa naweka sikio kwenye tundu la ufunguo. Wimbo wenyewe sikuushika, sauti ya Bibi ilikuwa ndogo, lakini mguu wake niliusikia kila siku. Bibi alikuwa anaimba na gurudumu la cherehani, na gurudumu halisimami. Nyimbo zake hazina pa kupumulia. Huu wako una mapengo kila mahali, kama meno yako ulipokuwa darasa la pili. Sikujua ni viti, hilo nakiri, ulinichekesha. Lakini nilijua ni wewe.

Basi nikafikiri. Dada yangu ananitengea mtego. Nikikataa, nakosa wimbo mzuri, na ni mzuri, acha nikupe haki yako. Nikikubali, na kuandika jina lako, umeshinda. Kwa hiyo nikaandika mtunzi hajulikani. Ulitaka kunivua nguo mbele za watu. Mimi nimekuvua jina. Umetunga kitu kimoja kikubwa maishani mwako na hutakaa uweze kusema ni chako, kwa sababu watoto wako mwenyewe walisimama wakanitolea ushahidi. Waambie watu sasa. Waambie ule wimbo unaowaliza misibani uliutunga kwa ajili ya kuhamisha plastiki.

Ulipokuwa ndani na Bibi hukuwahi kunifungulia mlango hata siku moja. Sasa na wewe gonga.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Hujajibu, na sikulaumu.

Nina habari fupi. Mdogo wako anakwenda ziara ng'ambo na albamu. Jana alituita mimi na Dereva, akatununulia chai, jambo ambalo peke yake lilitosha kututia hofu. Akaeleza kwamba huko wanataka sauti ya kisasa. Anakwenda na yule kijana wa miwani, na mpiga ngoma ambaye ngoma zake zimo ndani ya kompyuta. Besi yangu, anasema, inanuka kabati. Nikamwambia ni kweli, na mimi pia. Akacheka, akafikiri tumeelewana.

Dereva alikunywa chai yake, akanywa na ya kwangu. Tulipotoka akaniuliza kama hapo shuleni kwako kuna piano, na kama sauti zake ziko sawa. Nikamwambia sijui. Akasema gari lake Jumapili huwa halina kazi, na besi ukiilaza nyuma inaenea vizuri, imetengenezwa kwa umbo hilo hilo.

Sasa mimi nakuuliza kwa niaba yake: hiyo piano ikoje?

Mjomba wako,
ambaye hana nyuzi tena za kukagua


Tarehe 14 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini ziara imekwenda vizuri na kompyuta haikuugua. Hukunisalimia barua iliyopita. Nimeichukulia kwamba ni haraka.

Nakuletea zawadi. Ni albamu. Watatu wamepiga: Mjomba kwenye besi, Dereva kwenye ngoma, na kwenye piano mtu ambaye picha yake haimo, kwa sababu hajui kujishika kidevu. Inaitwa Cherehani ya Bibi. Najua jina unalifahamu. Nyimbo ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Besi ni ile ile, na ngoma ni zile zile. Tumebadilisha kitu kimoja tu, na ukisikiliza utakitambua.

Kabla hujamtafuta mwanasheria, geuza jalada lako mwenyewe usome. Umeandika kwa mkono wako kwamba zote ni za asili, mtunzi hajulikani. Kitu kisicho na mwenyewe hakiombewi ruhusa. Mwenye studio nilimwonyesha hayo maneno, akavua miwani akaifuta, na safari hii nilikuwepo: ina vumbi kweli.

Ule wa mapengo tumeupiga kwa mwendo wake, mbio, watoto wanaimba na viti vinatua. Nyuma nimeandika: Wimbo wa kupanga viti, umetungwa na Mwalimu wa watoto. Redio wameuchukua. Watu wanasikiliza wako, wanasikiliza wangu, wanaanza kuulizana. Ukitaka kubisha, bisha. Ila chagua la kubishia. Ukisema ni wa Bibi, basi na mimi ni mjukuu, niache niupige. Ukisema ni wangu na nimekutega, utaeleza watu habari ya mapaja. Mimi nitakuwa nasikiliza kwa makini, kama ulivyokuwa ukisikiliza kwenye tundu.

Kuhusu mlango, ni kweli sikukufungulia. Bibi aliniambia nisikufungulie, kwa sababu ya vitambaa, lakini hata angeniruhusu nisingekufungulia. Nilikuwa nataka kuwa na kitu kimoja ambacho wewe huna. Ninacho mpaka leo. Ule wimbo wa kweli upo. Hauna pa kupumulia, umelisikia gurudumu sawasawa. Kwenye albamu hatukuuweka.

Uzinduzi ni Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule yetu. Nitaupiga huo wimbo mara moja tu, mwishoni. Nimekuwekea kiti nyuma kabisa, karibu na mlango, na mlango nimeagiza uachwe wazi. Koti usihangaike kulivua, misumari yote ina wenyewe. Na jioni ile ile watu wa viungo wanautaka ukumbi wao, kwa hiyo ukishausikia, simama, mwenzangu. Kipange na vingine.

Dada yako